Mjukuu Anayelala Kifuani Kwangu

Mama Masanja, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka Mkuyuni, hapa Mwanza. Mguu wako umepungua kuvimba? Ng'ombe wanakunywa wapi sasa, na yule jike mwekundu ameshazaa? Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu wa kwenye mifupa. Huko Mpanda kupata mtandao mpaka upande kichuguu, na haya mambo si ya kupigiwa kelele juu ya kichuguu. Ndiyo maana karatasi hii nampa kondakta wa basi pale stendi ya Nyegezi. Mwandiko usiucheke. Kwenye darasa la ngumbaro nilikuwa nakuangalia wewe, si ubao. Halafu naandika kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mke mwenzio.

Usirushe mwiko bado. Ni mjukuu wetu wa kike, amewahi kuja karibu mwezi mzima. Mimi nilileta mchele na samli nigeuze, nikakuta mkwe wetu ameshikwa uchungu na Masanja yuko na lori lake Kongo. Akajifungua salama, kwa njia ya kawaida, bila kisu. Lakini damu ilimtoka nyingi, akisimama anaona kizunguzungu. Na mtoto ni mdogo, kilo mbili kasoro. Nimeshawahi kushika kuku mzito kuliko yeye.

Nesi akasema mtoto wa hivi dawa yake ni kifua cha mtu. Anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, anafungwa kwa kanga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Wanaita kangaruu, eti ni mnyama wa mbali anayebeba mtoto tumboni. Mimi nimekutana na wanyama wote wa pori la Katavi na wote walinipisha njia, huyo sijamwona. Nikauliza, "Kifua cha nani?" Nesi akatazama huku na huku. "Mama yake apumzike, sasa wewe mzee una kazi gani?"

Basi mimi, niliyefuata ng'ombe walioibwa siku tano kwa miguu bila kulala, nimeshindwa na kitu kisichofika urefu wa mkono wangu. Nalala nimekaa. Nikikohoa, anaamka. Mgongo umekuwa kama jembe lililopinda.

Mambo ya uzazi wa siku hizi ni mengi. Masanja alinunua kitanda cha mtoto chenye chandarua chake, sasa hivi kinatunza viazi. Mkwe alikuwa anasoma ushauri kwenye simu, kila mtu anasema lake, akawa analia tu. Nesi akampunguzia: maziwa yako, joto la mwili, mikono iliyonawa kwa sabuni, basi. Maji asipewe, na ile samli yangu ya kumlambisha nikaambiwa niile mwenyewe. Nimeila.

Sasa nisikilize, mke wangu, hapa ndipo penye jambo.

Unajua kwa mila yetu mimi na mkwe hatutazamani wala hatupokezani kitu mkononi. Mwanzo Bi Zena, jirani wa hapa mshonaji, ndiye alikuwa anamtoa mtoto kwa mama ananipa mimi, na ndiye alikuwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto. Siku ya sita akapata msiba Tabora, akaondoka. Tukatengeneza utaratibu wetu. Mimi nakohoa mlangoni. Mkwe anamlaza mtoto kitandani, anatokea mlango wa uani. Nangoja mpaka nisisikie ndala zake, ndipo naingia. Wakati wa kunyonya namlaza mimi, natoka, naye anangoja nifike barabarani. Tuliona tuna adabu sana. Na huku upepo wa ziwa unaingia dirishani, asubuhi ni baridi.

Tulipompeleka kupimwa, uzito umeshuka, miguu ya baridi, titi analivuta kidogo anaacha. Nesi akashika ile miguu. "Mzee, huyu mtoto anapoa wapi?"

Mimi, mwenye maneno kuliko redio, nikaanza kufunga vifungo vya shati.

Mkwe akajibu ameangalia ukuta. "Anapoa kitandani, dada. Baba hawezi kumpokea mkononi mwangu."

"Na akifa," nesi akasema, taratibu kabisa, "mtamzika kwa zamu hivyo hivyo?"

Tukarudi nyumbani. Mchana ule nikakohoa mlangoni kama kawaida. Sikusikia ndala. Nikakohoa tena.

"Nimekusikia, Baba," akasema. "Simlazi. Ingia umpokee."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu jambo hili lina wazee wake."

"Wazee wako Mpanda. Mtoto yuko hapa."

Nikaingia, mke wangu. Nikavua shati, nikanyoosha mikono, akaniwekea mtoto akiwa bado na joto la mama yake. Mikono yetu iligusana. Nikamwona usoni. Miaka mitatu ni mkwe wangu na nilikuwa sijui ana mwanya. Nikasema haraka haraka kwamba nina njaa. Akacheka kidogo. Akanipikia supu ya sato, nikala mbele yake.

Jana tumerudi kwenye mzani. Uzito umepanda, si mwingi, ila umepanda, na miguu ina moto. Nesi amesema tusimwachie hata kidogo, bado hajavuka.

Msalimie dada yangu mkubwa anayekusaidia kukamua, na mdogo wako fundi baiskeli, mwambie Mwanza hapa baiskeli zimejaa mafundi hakuna. Shangazi yake Masanja mwambie achague jina, ila asiharakishe.

Kaka yangu mkubwa, mzee wa ukoo, usimsalimie tu. Kaa naye chini umweleze, kabla hajasikia kwa watu wa basi. Akitaka mbuzi wa kusafisha mwiko niliouvunja, atoe zizini kwangu yule atakayempenda. Lakini asinitumie neno la kuacha. Mwambie nimempokea mtoto mkononi mwa mkwe wangu, nimemtazama usoni, na jioni hii nitampokea tena.

Mumeo uliyemzoea,
Baba Masanja