Vichwa vya Norwei na Uswisi

Neema mdogo wangu,

Mnaendeleaje huko? Hapa Njombe baridi inauma hadi kwenye meno, na ukungu haujaondoka tangu nifike. Shangazi amedhoofika sana; kesho nampeleka hospitali Ikonda.

Leo asubuhi tunakula viazi kando ya jiko, wanawe wakapiga simu ya pamoja, yule wa Norwei na yule wa Uswisi. Salamu hazijaisha, wakaanza kubishana kama washabiki wa mpira: nchi ya nani inazalisha zaidi ukigawa kwa kila kichwa. Huyu anasema mafuta yaliipandisha Norwei juu ya Uswisi. Yule anasema hiyo ni zamani, Uswisi imeshaipita tena. Shangazi kajifunika blanketi, anasikiliza tu. Mwisho akauliza:

“Wanangu, katika hivyo vichwa vyenu, kuna hata kimoja kitakachokuja kunizika?”

Mmoja akasema, “Mama, mtandao unasumbua.” Simu ikakatika.

Shangazi akafunika sufuria. Bado anapika viazi vya watu watatu, yeye na wanawe wawili.

Mpe mama shikamoo yangu. Usimpigie simu, mdogo wangu. Nenda.

Dada yako,
Agnesi