Chai ya Mwalimu Mkuu

Singapuri, Mei 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Boon Teck,

Salamu nyingi zikufikie huko Penang, wewe na wenzako wote wa dukani. U hali gani, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila bado anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Bila shaka umesikia habari za mgomo. Kampuni imewafukuza baba na madereva wenzake kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi, nao wamekaa mbele ya lango la yadi, hakuna basi linalotoka. Siku moja polisi waliwamwagia maji kwa mipira ya kuzimia moto. Baba alirudi ameloa chapachapa, akamwambia mama kwamba leo ameogeshwa bure, tena na Serikali ya Mwingereza.

Mimi alinikataza kukanyaga pale. Alisema mgomo ni wake, shule ni yangu, kila mtu akae kwenye lake. Nikaitikia ndiyo, baba, na kesho yake nikaenda. Tulikwenda darasa zima na uji wa mchele na dagaa wakavu, tukawaimbia. Baba aliponiona na upawa mkononi aligeuza uso. Mzee Kim Huat, yule kondakta mwenye meno ya dhahabu, akamtania kwamba kama mpishi huyu hamtaki, yeye atamchukua awe binti yake. Baba hakucheka, na uji hakuugusa.

Habari zikamfikia Mwalimu Mkuu. Akatangaza kwamba sisi tulioonekana langoni tutafukuzwa, isipokuwa kila mmoja aje na mzazi wake, apige magoti ukumbini na kumpa yeye chai ya kuomba radhi. Unazijua desturi zetu: akishakunywa, yamekwisha. Mama alipokuarifu, ujumbe wako nao ukanifikia kupitia kwake, kwamba nipige magoti tu, chai haimuumizi mtu. Baba alisema hivyo hivyo, tena kwa kunibembeleza, na mimi sijawahi kumsikia baba akimbembeleza mtu.

Siku ya siku alikuja na shati lake la kazi, nembo ya kampuni ameing'oa. Aliyenitangulia, binti wa muuza vitambaa, alipiga magoti akilia. Mwalimu Mkuu akanywa kidogo, akamruhusu akakae. Zamu yangu ilipofika, alikuwa ameshanyoosha mkono.

Sasa keti, kaka. Najua uliacha shule ili ada itoshe mtoto mmoja, na mtoto huyo nikawa mimi. Nafasi ile nimeipoteza. Nilimpita Mwalimu Mkuu, nikaenda kupiga magoti mbele ya baba, nikamshikia kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia kwamba niliyemkosea ni yeye peke yake, kwa kumuasi, na kwamba kesho nitakwenda tena langoni.

Niliogopa sana. Angekikataa kile kikombe, ningetoka pale sina shule wala baba. Alinitazama mpaka chai ikaacha kufuka mvuke. Kisha akakipokea, akanywa chote, akamgeukia Mwalimu Mkuu na kumweleza, kwa adabu kabisa, kwamba chai imekwisha.

Tulirudi kwa miguu, maana mabasi hakuna. Njiani aliniuliza kama ule uji wa dagaa tutapika tena.

Kwa Mwalimu Mkuu sijutii hata kidogo. Kwako wewe nina kosa, kwa sababu nafasi ilikuwa yako nami sikukuuliza. Ukija nyumbani nitakumiminia chai na kupiga magoti bila kuambiwa na mtu. Unywe au usinywe, hiari yako. Ila jua kwamba nitakuwa nimetoka langoni, na nikishainuka nitarudi huko huko.

Mama anasema ulale umefunika kifua. Baba anakusalimu, na Mzee Kim Huat pia.

Mdogo wako akupendaye,
Swee Gek