Kikao cha Saa Sita

Jumanne jioni

Mwanangu Shija ameniuma ziwa sasa hivi, kisha akacheka. Hata nguvu ya kumkemea sina.

Leo Daktari Koku alikuwa anahojiwa awe mkuu wa mafunzo ya madaktari, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mwanamke. Wanaume wa kamati wakasogeza kikao hadi saa sita, saa ya kumnyonyesha mwanawe, na walijua. Nikaacha kupiga deki wodini.

"Nenda, Daktari. Huyu nitamnyonyesha mimi."

"Na wako?"

"Atapata kitakachobaki."

Kilibaki kidogo. Mama mkwe akijua, sijui nitamjibu nini. Ila Daktari akipata cheo hicho, nitathubutu kumwomba nami nikasomee unesi.

Daktari huyo yuko mlangoni: "Mama Shija, wamenipa! Kesho naanza, utanisaidia tena?"

Nitaitikia ndiyo, lakini Shija wangu atanyonya nini?