Zamu Yangu ya Kulinda

Bronx, Jumapili

Dada Nereida,

Natumaini goti limepoa. Huku sote wazima. Jana nilipanda treni namba mbili na mjukuu wangu Yari. Mabehewa yanang'aa, ile michoro iliyoziba hadi madirisha imekwisha. Kuketi tu, nikaficha mkufu ndani ya kola.

Yari akacheka. "Bibi, nani anautaka huo? Watu wote wako kwenye simu!"

Nikamsimulia mwaka 1979, tulipokuwa tukienda kiwandani alfajiri: mmoja asinzie, mwenzake alinde, tukivuka mto tubadilishane. Na siku ulipokwapuliwa mkufu wa mama shingoni mwako.

Dada, siku zote nimekwambia nilionyeshwa kisu nikashindwa kupiga kelele. Hakukuwa na kisu. Ilikuwa zamu yangu, nami nililala. Ukarudi nyumbani Ponce ukisema mji umekushinda, nami nikanyamaza.

Yari anaolewa Juni. Aliposikia haya akasema, "Mwandikie upesi, Bibi. Akikasirika, si atakuja kukugombeza?"

Basi njoo unigombeze. Tukitoka uwanja wa ndege tutapanda treni. Wewe lala, mimi nitakaa macho.

Mdogo wako,
Migdalia