Kadi ya Mikoko Isiyo na Watu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Huku Bagamoyo hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua salama, alhamdulillahi.

Umeiona kadi ya posta ya zamani yenye mikoko yetu, ukaniuliza kama kweli hapakuwa na watu. Tulikuwepo, mimi nikiwa mtoto na mama yangu! Tulikuwa tukivua uduvi kwa kutanda kanga majini kama wavu, mpiga picha akatuamuru tujifiche. Alitaka pori tupu la kuwaonyesha watalii. Tukajibanza nyuma ya mikoko, maji yanajaa. Yakanifika kidevuni. Mama akaninyanyua, akaninong'oneza, "Usilie, mgeni hajamaliza." Heshima ya mgeni, eti!

Itazame tena, chini kushoto. Hilo unalodhani ua jekundu ni kanga ya mama, imenasa mkokoni.

Bibi yako, niliye nyuma ya kanga hiyo.