Kitana cha Jimi

Kwako Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ruiru. Goti lako linaendeleaje? Na ng'ombe, amezaa? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya asubuhi hapa Mugutha inaingia mpaka kwenye meno.

Nasikia huko Bunyore wanasema niliacha kuchuma kahawa nikawa mtumishi wa mbwa. Ni kweli, Mama. Nakueleza mwenyewe ili usikie vizuri.

Mbwa wa bwana, yule Mzungu mwenye shamba, anaitwa Jimi. Ana manyoya marefu kama kondoo asiye na mwenyewe. Mtunza bustani alikuwa akimchana kwa brashi ya waya, ile ya kukwangulia kutu, mpaka siku moja Jimi akamuuma mkono. Bwana akasema mbele yetu sote, "Akiuma mtu tena, nampiga risasi." Hapo mtunza bustani akakumbuka kwamba maua yana kazi nyingi. Mimi nikasema nitamchana.

Wafula, mpishi, akanishauri nimnyoe tu kwa wembe, kama mlivyotunyoa sisi tukipata chawa. Nikamwambia, "Mtoto unambana kichwa kwa magoti, anatulia kwa sababu anakuogopa. Huyu umbane wewe." Akarudi kwa sufuria zake.

Ile brashi nilijipitishia ndani ya mkono, penye ngozi laini. Ikanichora mistari myekundu. Nikaona Jimi si mkali, alikuwa na haki yake. Jumamosi nikaenda Thika kwa duka la Mhindi, nikajaribu vitana vyake mkononi kimoja kimoja, mpaka akauliza mke wangu ana ngozi ya namna gani. Nikachagua cha pembe, meno yameachana, ncha za mviringo. Memsahib, mke wa bwana, naye akanipa makasi ya kukatia bandeji, yenye ncha butu.

Fundo baya lilikuwa nyuma ya sikio. Nikashika manyoya karibu na ngozi yasimvute, nikapitisha kitana chini ya fundo, nikakata juu ya kitana, makasi yasionane na ngozi. Bwana alikuwa barazani, bunduki magotini, ati anaipaka mafuta. Mara Jimi akageuka, akaushika mkono wangu kwa meno. Sikuuvuta. Nikamwambia kwa Kinyore, polepole, "Ukifunga huo mdomo, wewe risasi, mimi dawa ya kidonda."

Akauachia. Akaulamba, kisha akanigeuzia sikio mwenyewe. Bwana akairudisha bunduki kabatini bila neno. Mzungu akishukuru kimya, ameshukuru sana.

Siku hizi Jimi analala mlangoni pangu, na sukari yangu haipungui tena Wafula akipita.

Nisalimie baba mdogo mwenye baiskeli, na dada anayekusomea barua hii, asiruke mahali. Na shangazi anayeniombea kila Jumapili, mwambie amtie na Jimi kwenye maombi. Asiseme ni mbwa. Aseme ni mwenzangu kazini.

Mimi mwanao, na vidole vyangu vyote,
Zakayo