Waya Mmoja wa Oveni

Si uvivu, bibie! Umenibwatukia asubuhi mbele ya mdogo wako: "Mama, una diploma ya umeme, oveni imekufa tangu baba ahamishiwe kazi mbali, unangoja nini?" Ukabamiza mlango. Jibu lako hili hapa.

Ulipotoka nilizima swichi kubwa, nikaivuta oveni, nikafungua bati la nyuma. Koili inayotoa joto nimeipima, nzima. Thamostati inayodhibiti joto, nzima. Ni waya mmoja tu ulioungua pale unaposhikana na koili, kwa sababu skrubu ililegea. Harufu yake niliijua siku ile ile oveni ilipokufa. Lakini baba yako alisema kwenye simu, "Usiiguse, nitakuja kuitengeneza mwenyewe." Nikaiacha. Kila akipiga nikawa na la kumuuliza: unakuja lini, oveni inakusubiri? Oveni, eti.

Leo nimekata palipoungua, nikamenya ncha mpya, nikakaza skrubu. Inawaka. ~~Usimwambie baba yako.~~ Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako asilale bila kuoga, hata akilia. Ukioka, usiende kukaa sebuleni na simu. Kaa hapo hapo uiangalie. Ufunguo wa akiba uko kwa jirani.

Sasa sina kisingizio cha kumwita, na sitaharibu kitu kingine ili nipate. Nimemkumbuka, basi. Tiketi ya kwenda kwake nimeikata sasa hivi kwa simu, nguo mbili ziko begini, pamoja na kile kipande cha waya ulioungua, akione.

Natoka.

Mama yako, asiye mvivu